Unatafuta monita ya PS (PlayStation)? Igeuze nyuma kwanza

Vijana wa hapa Mtwara wananiuliza sana kitu kimoja, na wa Lindi hivyo hivyo: nimenunua monita, picha kali, sauti hakuna. Juzi jirani yangu wa Chuno kaniletea ya kwake nimuangalizie, haina hata mkwaruzo, kuigeuza nyuma HDMI ipo, VGA (tundu la zamani, picha tu) ipo, tundu la sauti hamna. Muuzaji alimwambia HDMI inamaliza kila kitu. HDMI kweli inabeba picha na sauti pamoja, ila kama monita haina spika wala pa kuchomeka sabufa, sauti inaishia humo humo ndani.

Inchi na rangi sitaongelea, mnajua wenyewe.

Namba moja ni BenQ GW2480, na hapo sibishani na mtu. Ina spika ndani na tundu la hedifoni pia. Spika zake ni za wati moja moja, usiku chumbani zinatosha, mkiwa wengi unachomeka sabufa kwenye lile tundu mambo yanaenda. Kwa mwenye PS4 Slim au PS5 hili ndio la muhimu kuliko yote, maana PS4 ya kwanza na Pro zina tundu la optiko nyuma (la kutolea sauti peke yake), Slim na PS5 hazina.

Ya pili LG 24MK430H. Spika haina, tundu la hedifoni inalo, kama sabufa unayo chukua.

Dell na HP za ofisini zilizotumika naziweka chini kabisa. Nyingi hazina spika, na nyingine kama Dell U2412M hazina hata HDMI, ukitumia waya wa HDMI kwenda DVI (tundu lingine la picha) picha inakuja, sauti unaitafutia kiboksi cha pembeni cha kuitoa kwenye HDMI, hela nyingine hiyo. Adapta za VGA pita.

Atakuja mtu akwambie chomeka hedifoni kwenye pedi. Inafanya kazi, ila mkicheza mpira wawili anasikia mmoja tu na chaji ya pedi inakata haraka.

Angalia pia maandishi pale kwenye tundu. Likiandikwa AUDIO IN hilo ni la kuingiza sauti, sabufa haitalia ng'o, wewe unataka lenye alama ya hedifoni. Mwambie muuzaji awashe PS hapo hapo dukani usikie kwa masikio yako.

Sasa wauzaji wetu kuwasha hawataki, wanakuimbia 144 Hz, yaani picha 144 kwa sekunde, wakati PS4 mwisho wake 60, unalipia kitu hutakitumia. Oktoba minada ya korosho ikianza, monita ile ile uliyoiona Agosti inapanda bei, sababu hakuna, wameona tu watu wana hela. Ukisema uagize Kariakoo ije na basi, ikifika siyo yenyewe nauli ya kuirudisha Dar ni yako, na simu yako haipokelewi tena.