Majarida ya kununua na kuweka: tuanze na lipi?

Ukishika jarida usilolijua, usihangaike na jalada. Jalada limetengenezwa likuite kutoka mbali, na kazi hiyo linaiweza. Lifungue katikati, liweke mezani, kisha ondoa mikono. Likibaki wazi, na picha iliyotandazwa kurasa mbili ikaonekana yote bila uso wa mtu kumezwa na mshono, ujue kuna mtu aliyewafikiria wasomaji. Likijifunga lenyewe, au gundi ya mgongoni ikatoa mlio wa kukatika, lirudishe taratibu ulikolitoa. Halafu pitisha kidole gumba kwenye karatasi. Karatasi nzuri isiyong'aa ina ukwaruzo mdogo, kama kitambaa cha pamba kilichopigwa pasi, na wino umezama ndani yake badala ya kuelea juu.

Nimekusanya majarida ya mtindo wa maisha kwa miaka mingi: ya nyumba, mavazi, safari na chakula. Nayapenda kwa sababu jarida halijifichi umri. Tangazo la saa, kiti ambacho kila mtu alikitaka msimu ule, namna mhariri alivyowasalimu wasomaji wake, vyote vinabaki humo. Orodha hii nimeipanga kwa kipimo kimoja tu: miaka kumi ikishapita, utalitoa tena rafuni? Umaarufu wa jina sikuuhesabu.

1. Apartamento

Hili ndilo ningemnunulia anayeanza leo. Linatoka Barcelona tangu 2008, mara mbili kwa mwaka, na umbo lake ni dogo, karibu na la kitabu, kwa hiyo linasomeka hata ukiwa umelala. Linaingia kwenye nyumba za watu na kuzipiga picha zikiwa kama zilivyo: vitabu vimerundikwa sakafuni, waya wa taa unaning'inia, mto wa kochi umebonyea pale mwenyewe alipozoea kukaa. Kisha linamwacha mwenye nyumba azungumze kwa kirefu, naye huishia kusimulia mambo yasiyohusu samani hata kidogo.

Hapo ndipo ninapopata sababu ya kuliweka juu kabisa. Chumba kilichopambwa kwa ajili ya kamera huzeeka pamoja na mtindo uliokipamba. Chumba cha mtu anayekiishi hakizeeki hivyo, maana unachokitazama ni mtu. Nina toleo lake moja ambalo pembe zimelainika kwa kufunguliwa, na bado kila nikilirudia naona kitu nilichokuwa sijakiona: birika lililopachikwa mpini mwingine, orodha ya manunuzi iliyobandikwa ukutani, viatu vya mtoto chini ya kabati.

2. The World of Interiors

Lilianza Uingereza mwaka 1981, na mhariri wake wa kwanza, Min Hogg, aliliongoza hadi 2000. Chini yake kasri na kibanda vilipewa kurasa na heshima ile ile, na rangi iliyobanduka ukutani ilipigwa picha kama kitu cha thamani. Utamu wake kwa mkusanyaji uko kwenye wingi: ni jarida la kila mwezi, kwa hiyo matoleo ya zamani ni mengi na mara nyingi huuzwa kwa mafungu. Ni zito, linang'aa, na matangazo yamejaa. Vumilia. Kwa bei ya toleo moja jipya la jarida dogo la kisasa, mara nyingi utapata kadhaa ya haya ya zamani, na ndani yake kuna elimu ya macho ambayo sijaipata kwingine.

3. The Gentlewoman

Mwaka 2010 lilitoka toleo la kwanza, na bado linatoka mara mbili kwa mwaka. Jalada lina mwanamke mmoja na maneno machache. Mwaka 2012 walimweka Angela Lansbury, mwigizaji aliyekuwa ameshavuka miaka 80, wakati ambapo majarida mengi ya mavazi yalikuwa yakikimbizana na wasichana. Jarida hili nalinunua kwa ajili ya maandishi. Mahojiano yake ni marefu, na yanamchukulia mwanamke kuwa mtu mwenye kazi na mawazo kwanza, nguo baadaye.

4. Kinfolk na Cereal

Nayaweka pamoja kwa sababu yanashindania nafasi moja rafuni. Kinfolk lilizaliwa Portland, Marekani, mwaka 2011, baadaye likahamia Copenhagen. Cereal lilifuata mwaka 2012 huko Uingereza. Nafasi tupu nyingi, nuru laini, maneno machache kwenye ukurasa. Yalituonyesha kwamba ukurasa unaweza kupumua, na hilo nalishukuru kwa dhati. Lakini yameigwa mno, hadi jicho limeshiba. Nunua mawili au matatu, chagua matoleo yenye watu kuliko yenye kuta. Kwa Kinfolk, yale ya mwanzo yanayohusu kukaribishana na kula pamoja bado yana joto.

5. Monocle

Tyler Brûlé alilianzisha London mwaka 2007. Limetengenezwa vizuri: karatasi hubadilika ndani ya toleo moja, na kidole hutambua kwamba umeingia sehemu nyingine kabla jicho halijaona. Ila linatoka mara kumi kwa mwaka, na sehemu kubwa ni habari za wakati huo. Lisome, baki na lile lililokugusa, mengine wape wenzako.

Kuna pia yaliyokwisha kufa, na hayo yana raha ya pekee kwa kuwa unaweza kuyakamilisha. Flair la Fleur Cowles liliishi mwaka mmoja tu kuanzia 1950: matoleo 12 ya kila mwezi, na majalada yaliyotobolewa ili uchungulie kilicho nyuma yake. Nest la Joseph Holtzman, la New York, lilitoka kati ya 1997 na 2004, matoleo 26. Haya si ya kuanzia. Bei zake hupanda, na kwa Flair hasa, vijitabu na vipande vilivyopachikwa ndani mara nyingi vimeshapotea, kwa hiyo mwombe muuzaji akuonyeshe kila kurasa kabla hujalipa.

Kuhusu namna ya kununua, mimi huweka toleo moja moja mbele, mafungu ya zamani yafuate, na usajili wa mwaka mwisho. Usajili hukuletea hata lile ambalo usingelichagua. Subiri hadi ununue matoleo matatu ya jina moja kwa hiari yako, ndipo ujisajili.

Kwa jarida lililokwisha kutumika, linuse kabla ya kulikagua. Harufu ya uvundo haitoki, na ukungu huhamia kwa majirani. Angalia pini za mgongoni kama zina kutu, kisha hesabu namba za kurasa, hasa palipokuwa na mapishi au kuponi, maana watu hukata.

Nyumbani, yaepushe na jua na unyevu, na usiyafunge kwenye mifuko ya plastiki laini inayonata. Yenye mgongo wa gundi yasimame wima, yakiegemeana bila kubanana. Makubwa na mazito yalale, machache kwa rundo. Majarida yanayong'aa yahofie maji kuliko yote. Mng'ao ule hutokana na udongo mweupe uliopakwa juu ya karatasi kwa kiungo cha kuushika, na ukilowa huwa gundi. Nilipoteza rundo zima namna hiyo, bomba lilipovuja usiku nyuma ya kabati. Asubuhi nilijaribu kuzitenganisha kurasa kwa kisu cha siagi, na kila nilipoinua moja iling'oka na nusu ya picha ya ukurasa wa pili. Baadaye nikajifunza kwamba ningezichambua papo hapo zikiwa bado mbichi, ukurasa kwa ukurasa, na kuweka karatasi kavu katikati, nyingi zingepona. Zikishakauka zikiwa zimeshikana, hakuna la kufanya.