Benchi la kazi la nyumbani: lipi ununue Arusha na Moshi

Ukipita Njiro au Shanty Town Jumamosi mchana utasikia randa ikifanya kazi kwenye nyua ambazo hazina kibao cha fundi getini. Mhasibu anatengeneza mizinga ya nyuki, na jirani yake amefumua pikipiki ya marehemu baba yake, hajairudisha bado. Hawauzi kitu. Swali wanaloulizwa na familia ni moja, "Wewe si fundi, benchi la nini?", na kwa sababu hawana jibu wanaendelea kupigia misumari sakafuni au juu ya meza ya kulia chakula, mpaka mwenzi anachoka.

Mwongozo huu ni wa watu hao. Nimepanga aina tano za benchi zinazopatikana huku kwetu, kuanzia ile ningemshauri mtu anunue hadi ile ningemzuia. Bei sitataja, maana ya mbao hubadilika hata kati ya mzigo na mzigo, na ya chuma hufuata dola.

Kipimo changu kikuu ni kimoja: benchi lisitembee. Shika ukingo wake kwa mikono miwili, sukuma kwa nguvu kama unayepiga randa, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Likiyumba dukani, ujue kwako litayumba zaidi. Nguvu inayopotea kwenye miguu inayocheza ndiyo inayoharibu mkato wako, na hakuna droo wala ndoano za kutundikia bisibisi zitakazofidia hilo.

Kimo nacho usikubali kile cha fundi bila kujipima. Simama wima, viatu vya kazi mguuni, mkono ukining'inia. Kwa kazi ya randa na msumeno, uso wa benchi uwe karibu na mkunjo wa kifundo cha mkono au chini yake kidogo. Kwa watu wengi hiyo ni kati ya sentimita 80 na 90. Anayechomelea nyaya za redio au kuchonga vitu vidogo anahitaji juu zaidi, karibu mita moja, ili asiiname. Mafundi wengi watakupa kimo cha meza ya chakula, sentimita 75 hivi, kwa sababu ndiyo meza wanayotengeneza kila wiki. Mgongo wako utalipa.

Ya kwanza: benchi la mbao la kuagiza kwa seremala

Hapa ndipo hela ya mtu wa kawaida inapofanya kazi zaidi. Sisi tunaoishi chini ya Meru na Kilimanjaro tuna bahati ya mbao. Saiprasi na paini zinavunwa kwenye mashamba ya miti ya serikali yanayosimamiwa na TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania: West Kilimanjaro, Rongai kule kaskazini ya mlima, na Meru/Usa. Saiprasi ndiyo chaguo langu. Ni nyepesi kufanyia kazi, hainyongi misumeno, na harufu yake ni zawadi ya ziada. Paini inafaa pia, ila ina vifundo na utomvu. Grevilea, ule mti wa kivuli kwenye mashamba ya kahawa, ina sura nzuri sana ikipigwa randa na mara nyingi ni rahisi, lakini hupinda ikikaushwa ovyo, na vumbi lake huwawasha baadhi ya watu. Mkaratusi uache kwa nguzo. Kuhusu loliondo, ndiyo, ni mbao ya kifalme na benchi lake litarithiwa na wajukuu, lakini kwa benchi la kupigwa nyundo na kumwagiwa gundi ni anasa, na patasi zako zitalia.

Benchi la futi 5 kwa futi 2 halihitaji mbao nyingi. Mbao nne za inchi 2x4 na mbili za inchi 2x6, zote za urefu wa futi 12, zinatosha: miguu inapatikana kwa kuunganisha 2x4 mbili mbili, fito za juu na chini zinatoka kwenye 2x4 zilizobaki, na zile 2x6 zinakatwa kuwa vipande vinne vya uso. Saiprasi kavu ya kiasi hicho inakaribia kilo 50, uzito unaotosha kumvumilia mtu mwenye randa. Ukiweka ubao chini na kupanga masanduku ya vifaa juu yake, halisogei.

Mambo matatu ya kumwambia seremala kabla hajagusa msumeno. Uso uwe wa inchi 2, usiwe plaiwudi ya milimita 9 iliyozungushiwa ukingo mnene ili ionekane nzito. Huo mchezo upo. Miguu na fito ziunganishwe kwa ulimi na tundu au kwa bolti, kwa sababu msumari peke yake hulegea baada ya misimu miwili ya mvua. Na uso usitokeze sana nje ya miguu upande wa mbele, maana hapo ndipo jiliwa (vaisi) na klempu zinapofanyia kazi.

Kisha suala la ukavu, ambalo ndilo linaloua mabenchi mengi. Mbao nyingi zinazouzwa kando ya barabara bado zina maji. Inua mbili za kipimo kimoja: iliyo nzito waziwazi ni mbichi. Zigonge kwa kifundo cha kidole. Kavu hulia, mbichi hunyamaza. Benchi lililotengenezwa mwezi wa nne kwa mbao mbichi, likifika Januari na lile joto kavu la Moshi, uso unafunguka mianya ya kuingiza sarafu. Kama una subira, nunua mbao mwenyewe, zipange chini ya bati zikitenganishwa na vijiti ili upepo upite, uzipeleke kwa fundi baadaye. Moshi kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, kinachofundisha mambo haya ya mbao. Ukipata seremala aliyepita pale, msikilize anapozungumzia ukaushaji hata kama anakuchelewesha.

Onyo moja zito. Usikubali mbao za dawa, zile za kijani zinazouzwa kwa ajili ya paa, zitumike kwenye uso wa benchi. Dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromiamu na arseniki. Juu ya paa haimsumbui mtu, lakini ukipiga msasa kila Jumamosi unavuta vumbi lake. Kama hofu yako ni mchwa, paka oili chafu miguuni tu, sehemu ya chini, na chini ya kila mguu weka kipande cha tairi. Na unapochukua mbao dai risiti, hasa zikiwa za msituni, kwa kuwa usafirishaji wake unahitaji kibali.

Ya pili: fremu ya chuma, uso wa mbao

Mwenye pikipiki, injini za kufumua, au grenda inayotoa cheche, aipandishe hii iwe ya kwanza. Wachomeleaji wa mtaa wa Unga Limited, Arusha, na wale wa pembezoni mwa mji wa Moshi wanaweza kuimaliza kwa siku mbili, wakitaka. Agiza paipu ya pembe nne ya milimita 50 kwa 50, na usisitize unene wa milimita 2. Paipu ya 1.2 kwa nje inafanana nayo kabisa, ila ukipiga nyundo benchi zima linaimba. Paipu moja ina mita 6, kwa hiyo mwambie fundi apange mikato yake kwanza ili usilipie vipande vya kutupa.

Ukienda kuchukua, nenda na tepu. Pima fremu kutoka pembe hadi pembe, kisha pembe nyingine mbili. Vipimo vikilingana, imekaa sawa. Chungulia viungo: kuna fundi anayechomelea mzunguko mzima na kuna anayeshikiza nukta mbili kisha anafunika kwa rangi. Redi oksaidi, ile rangi ya awali ya kuzuia kutu, ipakwe kabla ya rangi ya mwisho, na uione kwa macho yako ikipakwa kama unaweza. Jambo ambalo watu hawaliombi, na ni rahisi mno: nati zichomelewe chini ya kila mguu na bolti zipite humo, ili urekebishe usawa. Sakafu za nyua zetu zimemiminwa kwa mteremko wa kutoa maji, na benchi lisilorekebishika litaishia kuwekewa kipande cha kigae chini ya mguu mmoja maisha yake yote.

Uso uwe wa mbao ya inchi 2 au plaiwudi mbili za milimita 18 zilizogandishwa pamoja. Pleti ya chuma juu yake weka ukiwa mtu wa kuchomelea tu. Kwa seremala chuma kitupu ni adui wa patasi.

Ya tatu: mlango wa zamani

Hii ni ya mwenye hela kidogo na macho makali. Nyumba za zamani zinapobomolewa, milango ya mbao ngumu huuzwa, na baadhi ni ya mninga au mkongo ambao leo usingeweza kuununua ukiwa mpya. Laza mlango huo juu ya stendi mbili nzito za mbao, ufunge kwa bolti, na una uso wa futi 6 na nusu. Hakikisha ni mlango wa mbao nzima. Ule wa plaiwudi wenye tumbo tupu utautoboa kwa nyundo siku ya kwanza. Kasoro yake ni kwamba milango mingi ina paneli zilizozama, na kila skrubu ndogo itakimbilia humo. Funika kwa plaiwudi.

Ya nne: benchi la kukunja

Mpangaji wa chumba na sebule Ngarenaro hana pa kuweka kilo 50 za saiprasi, na mwenye nyumba hatamruhusu kufunga kitu ukutani. Kwake, benchi la kukunja ni jibu la haki. Lina historia nzuri pia: Ron Hickman, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Uingereza na kusanifu gari la Lotus Elan, alilibuni baada ya kukata kiti kwa msumeno alipokuwa akikitumia kama benchi. Black & Decker, kampuni ya zana, walimkatalia mwanzoni, wakabadili mawazo, na mwaka 1973 wakaanza kulitengeneza kwa jina la Workmate. Akili yake iko kwenye mbao mbili za juu zinazobana kama jiliwa.

Mengi yaliyoko madukani kwetu ni ya kuiga. Tazama mbao zake za juu: zikiwa za unga wa mbao uliogandishwa, zikinyeshewa mara moja zinavimba kama andazi na hazirudi. Zungusha vishikio vyote viwili, uone kama zinabana sambamba. Kwa kutoboa, kukata na kupaka rangi linatosha. Randa usijaribu, labda ukanyage kile kipandio cha chini kwa mguu mmoja.

Ya mwisho: benchi la bati lenye droo

Linang'aa, lina taa, lina ubao wa matundu nyuma, na linakuja kwenye boksi. Ndilo linalopigwa picha. Miguu yake ni bati lililokunjwa, uso ni ubao mwembamba, na ukifanya lile jaribio la kusukuma utaliona likicheza mbele ya muuzaji. Kwa mtu wa redio au saa, ambaye hasukumi kitu, droo zake zina maana. Wengine wote, pesa hiyo inanunua benchi la kwanza hapo juu, na inaweza kubaki ya jiliwa.

Jiliwa

Tenga fungu lake tangu mwanzo, maana benchi bila jiliwa ni meza tu. Jiliwa zuri, au vaisi kama wengi wanavyoita, linaweza kukaribia bei ya benchi la saiprasi, na bado ningelinunua kabla ya mashine yoyote ya umeme. Kwa chuma na baiskeli, midomo yenye upana wa inchi 4 au 5 inatosha. Kwa mbao, tafuta lile la seremala linalofungwa chini ya uso, midomo yake ikiwa sawa na uso wa benchi, uivishe vipande vya mbao laini.

Dukani lifungue karibu na mwisho, kisha tikisa mdomo wa mbele. Mchezo kidogo ni kawaida; likicheza kama jino la mtoto, liache. Libane juu ya karatasi, uvute kushoto na kulia: ikishikwa upande mmoja tu, midomo haijakaa sawa. Kumbuka kuwa mengi ni ya chuma cha kumimina, ambacho hupasuka kikigongwa kwa nyundo kubwa. La zamani la chapa ya Record, la Uingereza, likiwa na kutu juu juu lakini skrubu yake nzima, nalichukua mbele ya jipya linalometameta. Lifunge juu ya mguu wa benchi kwa bolti za kupita hadi upande wa pili. Skrubu za mbao zitang'oka.

Kulipa na kusafirisha

Peleka mchoro wenye vipimo, hata wa kalamu, na umwachie fundi nakala. Tenganisha bei ya vifaa na bei ya ufundi. Advansi iwe ya vifaa tu. Ukitoa zaidi ya hapo, utaijua vizuri "njoo kesho, bosi". Kama fundi ni mzee, mpe shikamoo yake na umwachie nafasi ya kukosoa mchoro, kwa sababu huenda ameona kitu ambacho hukukiona, ila kimo usimwachie. Benchi la bolti lifunguliwe kabla ya kupakiwa kwenye kirikuu au guta, na kabla ya kulifungua weka alama kwenye kila kiungo kwa penseli. Likishafika, likazwe, litumike mwezi mmoja, kisha kaza bolti zote tena, maana mbao itakuwa imesinyaa kidogo.