Viatu vya maji vya elfu 35 na yeboyebo za elfu 6, nimevitembeza mpaka mwamba wa Pingwe

Naandika hii kwa sababu kabla sijanunua nilitafuta sana mtu aliyevivaa kwenye matumbawe kweli nikakosa, kila anayevisifia kavivaa pembeni ya bwawa la kuogelea. Mimi nimevivaa Pingwe, kule Michamvi mashariki ya Unguja, siku mbili baada ya mwezi mpevu, kutoka ufukweni mpaka ule mwamba wenye mgahawa wa The Rock juu yake, na kurudi. Kurudi ndo kwenye kesi.

Kwa ambao hamjafika, ule mwamba ni pande la jiwe la matumbawe limekaa peke yake mbele ya ufukwe, juu kuna mgahawa wa makuti na ngazi ya mbao ya kupandia, basi. Maji yakijaa ni kisiwa kamili unavushwa na kiboti, maji yakitoka unakwenda kwa miguu yako na ni dakika chache tu. Utasema sasa viatu vya nini kwa dakika chache? Hata mimi nilisema hivyo, ila ukishafika pale huwezi kwenda tu na kurudi, utazunguka jiwe lote chini uone lilivyoliwa na maji, utapiga picha, af utaona kina mama wako kule mbele kwenye mwani na wewe utataka kufika, na huko mchanga unaisha zinaanza nyasi za baharini na mawe.

Viatu vyangu ni vile vya kitambaa cha kuvutika, soli ya mpira, nimenunua kwa simu vikaletwa mpaka mlangoni, jina la kampuni silitaji. Shemeji yangu yeye alipita sokoni akachukua yeboyebo za plastiki zenye mkanda wa nyuma, elfu 6, na mimi nikamcheka kuanzia kwenye boti ya Dar mpaka tunapita msitu wa Jozani.

Mwanzoni vyangu vilikuwa vizuri kiukweli. Vyepesi, havivuki mguuni, kwenye mchanga uliolowa unatembea kama uko pekupeku. Shida ya kwanza ni mchanga wenyewe: unaingia juu kwenye kifundo na hautoki, yaani baada ya nusu saa nilikuwa na kama kilo ya mchanga kwenye vidole, unavua unakung'uta unavaa, hatua ishirini umerudi palepale. Yeboyebo zina matundu, maji yanaingia na mchanga unatoka nayo. Shemeji hakuvua hata mara moja.

Shida ya pili ndo iliyonifanya niandike. Tulifika kwa mama mmoja mtu mzima anafunga mwani kwenye kamba, miguuni kavaa soksi nzito na juu yake viatu vya plastiki vilivyochoka. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, akaniangalia miguu akauliza "hivyo ndo viatu, au soksi?" Nikacheka. Haikupita dakika kumi, wakati nakwepa kamba zake nisizikanyage (msizikanyage jamani, ile ni kazi ya mtu), nikaweka mguu pembeni kwenye nyasi, juu ya yule mdudu wa miba mieusi mirefu. Mwiba ulipita kwenye soli. Sio pembeni kwenye kitambaa, kwenye SOLI ya mpira, ukaingia chini ya dole gumba na kukatikia humohumo. Niliporudi ufukweni kijana mmoja akakata papai bichi akanipaka yale maziwa yake, ndo dawa yao huko, na nukta nyeusi ilikaa kwenye dole wiki nzima.

Nikaja kuikunja ile soli nikagundua ukiibonyeza kwa kidole gumba unakisikia kidole upande wa pili. Elfu 35 hiyo.

Sasa kuhusu maji, maana wengine mtasoma hapa mkitafuta hilo. Dereva aliyetupeleka alituambia "maji mpaka saa 10 jioni bado hayajaja, kaeni tu". Uongo, au tuseme alikuwa na wateja wengine. Siku ile maji yalikuwa yametoka kabisa karibu saa 6 mchana, na bahari haipandi sawasawa: saa ya kwanza unaona kama haijaamka, ya pili inajongea, ya tatu na ya nne ndo inakimbia. Sisi tulikuwa tumekaa juu tunakunywa juisi, kushuka ngazi saa 8 na nusu maji yako juu ya magoti na yanasukuma, simu juu ya kichwa kama tunahama nyumba. Kiboti kilikuwepo, ubishi wetu tu.

Usimuulize dereva, angalia mwezi. Bamvua, yaani zile siku maji yanajaa sana na kutoka sana, inakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwa hesabu ya Kiislamu ni kuanzia kwenye tarehe 1 na kuanzia 15, na siku hizo upande wetu huu maji yanatoka kuanzia kwenye saa 4 au 5 asubuhi, af kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50 hivi. Nenda bamvua na utatembea kwenye mchanga mkavu. Ukienda maji mafu, mwezi ukiwa nusu, asubuhi ndo yamejaa, na hata yakitoka alasiri hayatoki sana, unaweza usikanyage chini kabisa.

Nirudi kwenye viatu. Yeboyebo sio kwamba hazina kosa, mkanda ulimchubua shemeji kisigino, na kwenye jiwe lenye ukijani ziliteleza mpaka akakaa chini mbele za watu. Tena matundu yale mwiba ungeweza kupita kwa juu, bahati tu. Ila soli yake nene, nimejaribu kuichoma na msumari nyumbani haikuingia kirahisi. Nazipa 4 kati ya 5. Vyangu 2, na hiyo 2 ni kwa ajili ya mchanga mkavu na kuoshea pikipiki ambako ndo vinafanya kazi sasa hivi. Wauzaji niliwaandikia kuhusu soli, wakanijibu niwatumie picha ya kiatu. Nikawatumia ya dole gumba.