Sabuni ya mise ya soko la Mwanga, Kigoma: nimeipima pH kabisa

Wale mnaouliza kama sabuni za mise (mafuta ya kokwa za mchikichi) anazotengeneza na kuuza yule mama wa soko la Mwanga ni nzuri, nimeogea nimefulia na kiukweli nazikubali sana. Povu la kutosha, shombo ya dagaa mikononi inatoka yote, na ngozi haibaki imekakamaa kama zile nyingine zinazotembezwa mitaani. Ila kilichonifanya niandike hasa ni kostiki.

Sabuni ya mche ni mafuta yamekutana na kostiki soda, na kostiki ni besi kali hatari, ikikugusa peke yake inachubua. Ikipimwa vizuri yote inaisha kwenye mafuta, unabaki na sabuni na glisirini basi, lakini ikizidi, ile iliyokosa mafuta inabaki humohumo kwenye mche ndo inawawasha watu halafu wanasema mise mbaya. Mise haina kosa jamani! Alafu kila mafuta na kipimo chake, kilo moja ya mise inataka kama gramu 175 za kostiki, kilo ya mawese kama gramu 140, sasa mtu kabadili mafuta kwa sababu bei imepanda na kostiki anamimina kikombe kilekile cha siku zote, unategemea nini? Huyu mama ana mzani, nimeuona, anavaa glovu, na kostiki anaitia kwenye maji, hamwagi maji juu ya kostiki maana inachemka ghafla na kukurukia usoni.

Mi nna zile karatasi za rangi nyingi za kupima pH, yaani kipimo cha asidi na besi, namba ikipanda ndo ubesi unapanda (litmasi ya kawaida haisaidii hapa, sabuni zote hizi zinaigeuza bluu tu). Nikalowesha mche nikabandika, ikaja kati ya 9 na 10, ndo kawaida ya sabuni ya mche, na wala 9 isikutishe, maji yenyewe ya Tanganyika tunayoogelea yanacheza humohumo kwenye 9. Nikapima na nyingine niliyonunua kwa machinga, 12! Msione 10 na 12 ni majirani, kila namba moja ni mara kumi, kwa hiyo hapo ubesi umepanda mara 100, wakati ngozi yetu iko kwenye 5 hivi, upande wa asidi. Ile sijampa mtu aogee.

Na wale wa kukamulia ndimu kwenye povu eti kupunguza ukali, acheni, asidi ya ndimu inaivunja sabuni yenyewe inageuka kuwa asidi za mafuta, utaona povu limekata na maji yana chengachenga nyeupe. Suuza kwanza, ndimu baadae.

Kasoro zipo. Ukiiacha kwenye maji inalainika haraka, na kubwa kuliko yote haina tarehe ya kutengenezwa. Hizi hazipikwi motoni, zinatakiwa zikae wiki 4 mpaka 6 zikauke ziwe ngumu, sasa bila tarehe mteja anajuaje? Mama tunakuomba andika hata kwa kalamu kwenye karatasi la kufungia.

Kwa sasa ukienda muombe ya chini kabisa kwenye boksi, ndo za siku nyingi na haziishi haraka. Zenye mchaichai wahi asubuhi, mchana hukuti.