Makbeth ya S. S. Mushi: ni nani mwenye hatia zaidi?
Nakala ya Makbeth, tafsiri ya Mushi ya mwaka 1968 ya tamthilia ya Shakespeare, Macbeth, niliyoinunua kwa muuza vitabu vilivyotumika hapa Mtwara mjini, imelegea jalada lakini kurasa zake zote zimo, nayo inawafaa sana wanafunzi wetu waliozoea kumlaumu mke wa Makbeth peke yake kwa mauaji yaliyomo. Ni kweli kwamba yeye ndiye aliyemchochea mumewe amuue Mfalme Duncan, kisha akarudisha majambia na kuwapaka walinzi damu. Hata hivyo, njama ya kumuua Banquo, jemadari mwenzake Makbeth, mke alifichwa, na mauaji ya mke na watoto wa Macduff, mpinzani wa Makbeth, yaliamriwa na Makbeth mwenyewe. Kwangu mimi, mume ana hatia kubwa zaidi, kwa kuwa mke aliteswa na dhamiri hata usingizini, ilhali mwenzake aliendelea kuua.