SGR Dodoma–Dar: abiria walewale, tabia nyingine

SGR, treni yetu ya reli ya kisasa, naipenda kwa mwendo wake, lakini zaidi naipenda kwa namna abiria tunavyobadilika tukiwa ndani yake. Nenda kituo cha daladala cha Sabasaba, Dodoma, saa kumi na mbili jioni: gari halijasimama, mikoba inarushwa dirishani kuwahi siti, mama mwenye mtoto mgongoni anabaki chini. Watu haohao wakute stesheni ya SGR. Wamepanga foleni, tiketi na kitambulisho mkononi, na anayejaribu kuchomekea anaambiwa kwa upole, "Kaka, foleni inaanzia kule."

Tiketi kuwa na namba ya behewa na ya kiti kumesaidia sana, maana hakuna cha kugombania. Ila naona pia mgeni anapoingia anawatazama waliomtangulia, akikuta wametulia naye anatulia. Kule Sabasaba mtu huyohuyo angepiga kiwiko.

Safari yangu ya mwisho kutoka Dar, kijana mmoja alifungulia video kwenye simu kwa sauti kubwa. Behewa zima tulinuna kimya, kila mmoja akimsubiri mwenzake aseme. Tulipopita mahandaki ya Kilosa, mzee mmoja wa Kigogo akageuka. "Mbukwenyi jamani," akatusalimia wote, kisha: "Mjukuu wangu, punguza kidogo, tupumzike." Hapohapo sauti zikatoka viti vinne vitano: kweli, punguza, tumechoka. Kijana akaomba radhi, akavaa spika za masikioni.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na hili nilikuwa nimelisoma chuoni. Solomon Asch, huko Marekani mwaka 1951, aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na upi. Jibu lilikuwa wazi kabisa, lakini wengine chumbani, aliokuwa amewapanga Asch mwenyewe, walipotaja wote jibu lilelile la uongo, wengi wa waliokuwa wakipimwa walifuata mkumbo angalau mara moja. Akiwepo mmoja tu anayesema kweli, kufuata mkumbo kulipungua sana. Pale kwenye behewa huyo mmoja alikuwa babu yetu.

Kinachonikera bado ni kufika. Treni ikianza tu kupunguza mwendo kuingia Dodoma, mtu mmoja anashusha begi, na kufumba na kufumbua njia yote imejaa watu wima, wazee wanabanwa. Milango haifunguki mpaka treni isimame! Ombi langu kwa abiria wenzangu: baki umekaa, na jirani yako atakaa.

Kwa wanaouliza nauli, treni ya kawaida nililipa shilingi 31,000. Kata tiketi mapema mtandaoni, hasa Ijumaa na Jumapili, usisahau kitambulisho, na fika stesheni mapema kwa sababu kuna ukaguzi wa mizigo. Watoto wachukulie viti vya dirishani, waone Kilosa.