Kalamu tatu za kutia wino katuni: ipi inabaki nyeusi raba ikishapita?

Haya, wachoraji wenzangu, karibuni tena. Leo mezani nina ukurasa mmoja wa katuni wenye fremu tano, ambao hadi sasa ni penseli tupu isipokuwa mistari ya fremu niliyoitia wino asubuhi, na pembeni nimepanga vifaa vitatu ambavyo mmekuwa mkiniuliza mara kwa mara. Cha kwanza ni kalamu za Sakura Pigma Micron. Cha pili ni kalamu ya brashi ya Pentel, ile ya mfukoni. Cha tatu ni nibu ya G kutoka Zebra, yaani ncha ya chuma ya kuchovya kwenye wino, na mshikio wake, na chupa ya wino. Vyote nimenunua mwenyewe, hakuna kampuni iliyonitumia kitu.

Mimi bado ni mwanafunzi wa sanaa, na kazi ninayoipenda kuliko zote ni hii ya kutia wino. Ndiyo maana uchambuzi mwingi wa kalamu huniacha na kiu. Mtu anachukua karatasi nyeupe, anachora mistari mitatu, anasema kalamu ni nzuri, basi. Ila sisi wa katuni hatuchori juu ya karatasi tupu. Chini ya wino kuna penseli, na penseli hiyo lazima ifutwe. Kwa hiyo leo nitapima jambo moja kuliko mengine yote: raba ikishapita, mstari uliobaki ndio ule ule ulioukusudia?

Kabla ya kalamu, karatasi, maana hapa ndipo wengi tunapozilaumu kalamu bure. Hii ninayotumia ni Bristol laini, nene, zaidi ya gramu 250 kwa mita ya mraba. Karatasi ya kawaida ya printa ina gramu 80 tu, na nyuzi zake hunywa wino. Mstari unatoka vinyweleo pembeni, halafu wewe unadhani nibu ni mbovu. Penseli yangu ni HB, naichora kwa mkono mwepesi sana. Ukikandamiza penseli, unachimba mfereji kwenye karatasi, na hata ukifuta, wino utauona na kuufuata. Wapo wanaoanza kwa penseli ya buluu nyepesi. Zamani filamu za kamera za uchapaji hazikuiona buluu hiyo, kwa hiyo haikuhitaji kufutwa kabisa, na leo skana nayo inaweza kuiondoa kirahisi. Kama hutaki kabisa habari za raba, njia hiyo ipo na ni nzuri. Mimi napenda penseli ya kawaida kwa sababu naiona vizuri zaidi usiku chini ya taa.

Tuanze na Micron. Wino wa Pigma ulianza mwaka 1982, na sifa yake kubwa ni kwamba rangi yake ni chembechembe, si rangi iliyoyeyuka majini kama ya kalamu nyingi za kuandikia. Ukikauka hausambai ukiguswa na maji, na haupauki haraka kwa mwanga. Namba zake zinawachanganya watu, kwa hiyo nizitaje: 005 ni mstari wa milimita 0.20, 01 ni 0.25, 03 ni 0.35, 05 ni 0.45, na 08 ni 0.50. Angalieni, kutoka 005 hadi 08 tofauti ni milimita 0.30 tu. Ukiziweka zote kwenye ukurasa mmoja, macho ya msomaji hayataona kalamu tano. Yataona mbili, labda tatu. Usinunue seti nzima. Chukua 01, 05 na 08, utakuwa umemaliza.

Na hii 005 nina neno nayo. Kurasa za katuni huchorwa kubwa kuliko zitakavyochapwa. Ukurasa wa katuni za Marekani, kwa mfano, kwa kawaida huchorwa ndani ya eneo la inchi 10 kwa 15, kisha hupunguzwa hadi karibu theluthi mbili. Mstari wako wa milimita 0.20 unafika kwa msomaji ukiwa 0.13. Ukiutumia kwa kope za mhusika, sawa, utaonekana kidogo. Ukiutumia kwa ukingo wa uso mzima, uso utapotea. Kwa hiyo 005 ni ya vitu vya mbali: madirisha ya jengo la nyuma, nyaya, matofali.

Sasa tazameni. Fremu zote tano nimezipiga kwa 08 na rula, na hapa Micron haina mpinzani. Mstari umenyooka, unene ni mmoja mwanzo hadi mwisho, haudondoshi tone. Viputo vya maneno pia, na maandishi ndani yake, nafanya kwa 05. Kasoro inajitokeza sasa hivi, napitisha raba... Sogeza kamera. Mnaona huo mstari wa kushoto ulivyofifia? Ulikuwa mweusi, sasa ni kijivu kilichokolea. Kwenye karatasi laini wino huu hukaa juu juu, na raba inaondoka na sehemu yake. Umekauka vizuri kabisa, nimeuacha tangu asubuhi, kwa hiyo si suala la haraka. Dawa yake ni raba laini ile ya kufinyanga: unaibonyeza juu ya penseli na kuinua, usisugue. La sivyo ujiandae kurudia mistari, na kurudia mstari wa rula juu ya ule ule ni kazi ya kuchosha.

Halafu ncha. Ni ya plastiki nyembamba sana ndani ya mrija wa chuma. Mwenye mkono mzito ataibonyeza irudi ndani, na ikirudi haitoki tena. Micron inataka mkono unaoteleza. Ukigundua unaisukuma ili upate mstari mnene, hapo umeshika kifaa kisicho chako.

Tuje kwenye nibu ya G. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha.

Nibu ni kipande cha chuma kilichopinda, chenye tundu katikati na ufa unaoshuka hadi kwenye ncha. Unaichovya, wino unashikilia kwenye tundu, ukigusa karatasi unateremka kupitia ufa. Ukikandamiza kidogo, pande mbili za ncha zinaachana, wino unajaza nafasi, na mstari unanenepa. Ukilegeza, zinarudiana. Nibu moja tu inakupa mstari mwembamba kama unywele, na kwa pumzi hiyo hiyo inakupa mstari wa karibu milimita moja. Wachoraji wa manga, katuni za Kijapani, wameitumia G kwa miongo mingi, na ukiishika unaelewa kwa nini: ina ukakamavu. Kuna nibu laini kuliko hii, zinafunguka kwa mguso tu, lakini kwa mkono ambao bado unajifunza zinatapatapa. G inangoja uiambie.

Nibu mpya haitiwi kwenye wino moja kwa moja. Inatoka kiwandani na mafuta ya kuzuia kutu, na mafuta hayo yanaukimbiza wino: utaona unajikusanya vitone badala ya kutanda juu ya chuma. Ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni, ikaushe, kisha uchovye. Ukichovya, wino uishie kwenye tundu, usipite juu. Gusa ukingo wa chupa ili ziada ishuke.

Sasa fremu ya tatu. Msichana amesimama mvuani, ameshika mpini wa mwavuli kwa mikono miwili. Nataka muangalie kidole kimoja tu, hiki cha shahada. Mwanga unatoka juu, kwa hiyo mgongo wa kidole naupitisha kwa mstari mwembamba, sikandamizi kabisa. Nafika kwenye kiungo, nainua. Nageuza karatasi, sigeuzi mkono, maana nibu hii inapenda kuvutwa ije kwako. Ukiisukuma kwenda mbele inachoma nyuzi za karatasi na kurusha matone. Haya, sasa chini ya kidole, upande wa kivuli: naanza kwa wepesi, nakandamiza hapa katikati nyama inapobanwa na mpini, nalegeza nikikaribia kucha. Mmeona? Sijaweka kivuli chochote, hakuna mistari ya kukatana, hakuna doa jeusi. Ila kidole kina uzito, na mpini unaonekana umebanwa kweli. Mstari wenyewe ndio umefanya kazi hiyo.

Ukitaka kufanya hivyo kwa Micron, utachora mstari, utarudi kuunenepesha upande mmoja, utarudi tena kulainisha ncha zake. Inawezekana, wako wanaofanya vizuri sana. Lakini utakuwa unajenga mstari, hauchori.

Na raba? Tunangoja kwanza. Wino huu ni wa India, umetengenezwa kwa kaboni, yaani masizi laini sana, pamoja na shelaki ya kuushikilia kwenye karatasi. Palipo na mstari mnene unakaa na unyevu muda mrefu kuliko unavyodhani, kwa hiyo mimi huacha ukurasa ulale hadi kesho yake. Huu mwingine niliutia wino jana, kidole kile kile, nausugua kwa raba ya plastiki bila huruma... Penseli imeondoka, wino uko pale pale. Mweusi. Ukiutazama kwa pembeni bado una mng'ao kidogo. Hapo ndipo nibu na chupa vinapozishinda kalamu zote mbili.

Tahadhari moja kubwa: wino wenye shelaki usiutie kamwe kwenye kalamu ya kujaza wino ya kuandikia. Ukikauka ndani umeiua. Na nibu ioshe kabla wino haujaganda, ikaushe mara moja, la sivyo kutu. Nibu za chuma huchoka; ncha zikianza kukaa wazi hata bila kukandamiza, itupe. Zebra wana G nyingine yenye titani inayodumu zaidi, na kwa anayechora kila siku naona inafaa, ingawa mwanzoni utaihisi ngumu kidogo.

Wanaotumia mkono wa kushoto, nibu itawapa shida mkienda kutoka kushoto kwenda kulia, mtakuwa mnaisukuma na kuburuta kiganja juu ya wino mbichi. Geuzeni karatasi hata nusu duara, na muanzie fremu za kulia.

Pentel ya brashi. Hii ni brashi kweli, ina nywele za sintetiki, si sifongo lililochongwa kama kalamu nyingi zinazoitwa brashi. Wino unatoka kwenye katriji, ukiisha unabadilisha. Nafanya nywele za msichana, hizi zilizolowa. Mpigo mmoja, unaanza mnene kwenye utosi, unaishia na ncha kali shingoni. Hakuna nibu itakayokupa hivi kwa mpigo mmoja. Koti lake nalo, mikunjo mikubwa, na kivuli cheusi chini ya mwavuli, dakika chache limekwisha. Ukitaka mpigo mkavu wenye mikwaruzo, kwa mvua ama manyoya, futa brashi kidogo kwenye karatasi ya pembeni kisha pita haraka.

Wino wake hauogopi maji ukikauka, na raba haikuuondoa kiasi cha kunisumbua. Umefifia kidogo sana kwenye maeneo mapana. Tatizo ni kukauka. Kwenye Bristol laini unachelewa mno, na ukiweka kiganja umeharibu ukurasa. Weka karatasi safi chini ya mkono, kila mara. Tatizo la pili ni wewe mwenyewe: brashi haina ukakamavu wowote wa kuegemea. Mkono ukitetemeka, mstari unatetemeka zaidi. Nyuso ndogo kwa kifaa hiki ni kazi ya mtu aliyekwisha iva.

Brashi za manyoya ya kicheche wa Siberia, kama Series 7 za Winsor & Newton, ni hadithi nyingine na ni nzuri mno, lakini zinahitaji matunzo ambayo sitayamaliza leo.

Mkishafuta, skanini kwa nukta 600 kwa inchi. Mstari wa milimita 0.20 hapo unapata nukta kama tano za upana, unatosha. Kwa 300 unabaki na mbili au tatu, na kingo zinaanza kuonekana ngazi ngazi. Ile mistari ya Micron iliyofifia ndiyo itakayokusumbua hapa pia: ukiigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe tupu, kijivu kinakatika vipande vipande.

Basi, nikuambie ununue nini. Unaanza katuni na una meza ya kukaa: mshikio, nibu chache za G, chupa ya wino wa India, na Micron 08 moja kwa fremu, pamoja na 05 kwa maneno. Brashi iache mpaka mkono utulie. Unachora kwenye daftari, njiani, kwenye foleni: anza na Pentel na Micron 01, kwa sababu chupa ya wino iliyofunguliwa kwenye basi hakuna atakayeisimamia. Na kama una moja kati ya hizi tayari, usinunue nyingine leo. Chora nayo ukurasa mzima kwanza, ufute, uangalie kilichobaki. Video ijayo ni ya kusahihisha kwa guashi nyeupe, rangi nzito ya maji inayofunika wino, nikitumia ukurasa huu huu, kwa hiyo muutazame vizuri.